Babu wa keya, Ngao ya Calcutta na medali yenye herufi I.F.A.

*“Shikamoo mwalimu. Marehemu babu yangu mzaa baba alikuwa askari wa keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), akapelekwa Burma wakati wa vita vya pili. Alikuwa akitusimulia kwamba mwaka 1945, wakiwa mapumzikoni Calcutta, aliwaona Wahindi wa Mohun Bagan wakicheza pekupeku na kuifunga timu ya taifa ya Uingereza kwenye fainali ya Ngao. Waingereza wakaona aibu hadi wakauhamisha mji mkuu. Mjomba ametafuta kwenye simu, akasema ni uongo mtupu: mechi hiyo ilichezwa 1911, babu hata hajazaliwa. Akaongeza kuwa Wahindi walifukuzwa Kombe la Dunia la 1950 kwa kukataa kuvaa viatu. Baba ameumia sana. Sasa, kwenye sanduku la babu tumekuta medali ndogo ya duara iliyoandikwa I.F.A. Je, babu alikuwa muongo? Medali hii ni ya Ngao hiyo? Kuna mtu amejitokeza anataka kuinunua.”*

Marahaba. Nianze na baba, maana ndiye aliyeumia. Mwambie mzee wake hakuwa muongo. Mjomba naye ameushika mwaka sawasawa, ila amemtupa jongoo na mti wake. Alichokuwa akisimulia babu yenu ni mambo mawili yaliyoungana kichwani kwa miaka: mpira aliouona kwa macho yake na mpira ambao kila mtu Calcutta alikuwa akiusimulia. Tuyatenganishe.

Ngao yenyewe, yaani kombe la IFA Shield, ilianza 1893, mwaka uleule chama cha Indian Football Association, yaani IFA, kilipoundwa Calcutta. Jina hilo limewapoteza wengi. Chama kinaitwa cha India lakini kilikuwa cha Bengal, na hadi leo kinasimamia mpira wa jimbo la West Bengal tu. Shirikisho la taifa zima, AIFF, lilikuja mwaka 1937. Wala Ngao si kombe la kwanza India. Durand lilitangulia mwaka 1888 huko Simla, milimani, likiwa la wanajeshi, na Rovers likafuata Bombay mwaka 1891. Kilichoipa Ngao uzito ni mji wake. Calcutta ndiyo iliyokuwa makao makuu ya dola ya Waingereza Uhindini, na uwanja wa Maidan ulikuwa umetandazwa mbele ya ngome ya Fort William. Ukicheza pale, serikali nzima inakuona.

Lilikuwa kombe la Waingereza wenyewe kwa wenyewe. Bingwa wa kwanza alikuwa kikosi cha jeshi, Royal Irish Rifles, na katika mashindano hayo ya kwanza klabu ya Wahindi ilikuwa moja tu, Sovabazar. Miaka iliyofuata Ngao ikawa inazunguka kati ya vikosi vya jeshi na Calcutta FC, klabu ya Wazungu wa mjini. Gordon Highlanders waliibeba mara tatu mfululizo, 1908 hadi 1910. Si ajabu ukifikiri kidogo: kikosi kina mamia ya vijana wanaolishwa na serikali, wanafanya mazoezi kila asubuhi, na jioni hawana kazi nyingine ila mpira. Karani wa Kibengali anatoka ofisini saa kumi na moja, hajala, anakwenda kukabana na watu wa namna hiyo.

Kwa nini basi klabu za wenyeji ziling'ang'ania Ngao? Kwa sababu mlango mwingine ulifungwa. Ligi ya Calcutta ilianza 1898, na Mohun Bagan hawakuruhusiwa kuingia hata daraja la pili mpaka 1914. Hata baada ya hapo kulikuwa na kanuni kwamba klabu za Wahindi katika daraja la kwanza zisizidi mbili. East Bengal, klabu nyingine ya Wahindi, walipambana nayo katikati ya miaka ya 1920 ndipo ikaondoka. Ngao ilikuwa ya mtoano. Kwenye ligi, mwenye wachezaji wengi na afya njema atakushinda tu mwisho wa msimu. Kwenye mtoano unahitaji wiki tatu nzuri, bahati kiasi, na mfungaji asiyetetemeka. Ndiyo maana maajabu ya mpira wa Bengal yalitokea kwenye makombe. Tena 1911 hayakuwa ya kwanza. Mwaka 1892 Sovabazar hao hao walikifunga kikosi cha East Surrey 2–1 katika Trades Cup, na wengi wanaoipigia debe 1911 hawajui kabisa.

Sasa tuje kwenye mechi yenyewe, ile aliyoisoma mjomba. Mohun Bagan, klabu iliyoanzishwa 1889, waliwatoa St Xavier's 3–0, Rangers 2–1, na Rifle Brigade 1–0. Nusu fainali walitoka sare ya 1–1 na Middlesex, mechi ikarudiwa wakashinda 3–0. Fainali ilikuwa tarehe 29 Julai 1911, dhidi ya East Yorkshire, kwenye uwanja wa Calcutta FC. Angalia vizuri hapo: East Yorkshire ni kikosi cha jeshi, si timu ya taifa ya Uingereza. Timu ya taifa haikupata kukanyaga mashindano hayo. Lakini nisimlaumu babu, wala aliyemsimulia babu. Kwa mtu aliyesimama Maidan siku ile, akimtazama askari mwenye bunduki juma zima na siku ya mechi akimwona yuleyule katika kaptura, huyo ndiye Uingereza yenyewe.

Watu waliofika wanakadiriwa kati ya 60,000 na 80,000. Treni na meli za mtoni ziliongezwa. Wengi hawakuuona mpira hata kidogo, kwa hiyo vikarushwa vishada angani vyenye matokeo, aliye nyuma akainua shingo na kujua hali ilivyo. East Yorkshire walitangulia kufunga kwa mkwaju wa Jackson. Nahodha Shibdas Bhaduri, winga mwembamba wa kushoto, akasawazisha. Zikiwa zimebaki dakika chache, Shibdas huyo huyo akawapita mabeki, na badala ya kupiga mwenyewe akampasia Abhilash Ghosh, jitu la miraba minne, aliyeusukuma mpira wavuni. 2–1.

Na pekupeku? Kumi walikuwa pekupeku, mmoja alivaa viatu. Huyo ni Sudhir Chatterjee, beki wa kushoto, Mkristo aliyekuja kuwa mchungaji. Nimeona simulizi zikimvua viatu vyake ili hadithi inoge, nami huwa namrudishia.

Suala la viatu lastahili kuelezwa polepole, maana ndilo linalozaa porojo nyingi, hata ile ya Kombe la Dunia. Watu hudhani Wahindi walicheza peku kwa umaskini tu, au kwa dini, au kwa kiburi. Daluga zilikuwa ghali, kweli. Lakini kijana aliyejifunza mpira kwa nyayo tupu tangu utoto anauhisi mpira kwa vidole, anaugeuza katika nafasi ndogo, na anakimbia mwepesi kuliko mtu aliyevaa viatu vya ngozi vya zama zile, vizito, vyenye njumu za kupigiliwa. Kwenye uwanja mkavu hiyo ni faida ya wazi. Shida ni kwamba Ngao ilichezwa msimu wa mvua. Ardhi ya Maidan ikishalowa inakuwa tope, mguu mtupu hauna pa kushika, na mwenye njumu anasimama imara huku wewe unateleza. Mwaka 1923 Mohun Bagan walirudi fainali, mvua ikanyesha mpaka uwanja ukajaa maji, na Calcutta FC wakawafunga 3–0. Timu nzuri, miguu isiyo na breki.

Walioisoma hali hiyo ni Mohammedan Sporting, klabu ya Waislamu wa Calcutta. Walianza kusajili wachezaji kutoka pande zote za India badala ya kutegemea vijana wa mtaani, na uwanja ukilowa wakawa wanavaa viatu. Matokeo yake walitwaa ligi miaka mitano mfululizo, 1934 hadi 1938, na 1936 wakaichukua Ngao kwa kuwafunga Calcutta FC. Yaani kutoka 1911 hadi 1936, miaka ishirini na mitano, hakuna klabu ya Wahindi iliyoigusa tena Ngao! Hadithi za ushujaa huruka kutoka 1911 moja kwa moja hadi uhuru, na kuwaacha Mohammedan nje. Naona si haki. Kama ni kuvunja utawala wa Wazungu katika mpira wa Calcutta, wao ndio waliouvunja, na waliuvunja kwa msimu baada ya msimu.

Kuhusu mji mkuu kuhamishwa kwa aibu, hapana. Ni kweli kwamba tarehe 12 Desemba 1911, miezi minne na nusu baada ya fainali, Mfalme George wa Tano alitangaza Delhi kwamba mji mkuu unahama kutoka Calcutta na kwamba ule mgawanyo wa Bengal wa 1905 umefutwa. Ukiziweka tarehe mbili sambamba, akili inakimbilia kuziunganisha. Lakini jambo hilo lilishaanza kujadiliwa kwa siri katika serikali ya Hardinge, mtawala wa Kiingereza wa Uhindi, mwezi Juni, kabla Shibdas hajafunga bao lolote la fainali. Mgawanyo wa 1905 ulikuwa umeleta migomo, kususia bidhaa za Uingereza na mabomu. Hayo ndiyo yaliyowachosha. Mpira uliangukia katikati ya hasira hizo ukapata maana kubwa kuliko mpira. Ipo hata simulizi kwamba siku ile mzee mmoja aliielekeza kidole bendera ya Uingereza juu ya Fort William, akauliza hii nayo itashuka lini, akajibiwa: Mohun Bagan wakiichukua Ngao tena. Simulizi tu, usiiweke kwenye mtihani. Ila Mohun Bagan hawakuichukua tena mpaka 1947, mwaka uleule wa uhuru, na ukiwa shabiki wao huwezi kuambiwa kitu.

Haya, tumrudie babu. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana katika bonde la Kabaw, Burma, nusu ya pili ya 1944, tena katika mvua kubwa, kisha ikarudishwa India kupumzika. Kwa hiyo askari wa keya kuwa India mwaka 1945 si jambo la kubuni, na Calcutta ndiyo ilikuwa mji mkubwa wa mapumziko kwa majeshi yaliyotoka upande ule. Mpira ulikuwa unachezwa. Wachezaji wengi walikuwa bado pekupeku. Mohun Bagan walicheza fainali ya Ngao mwaka huohuo 1945, hapo babu hakukosea hata kidogo. Isipokuwa wapinzani wao hawakuwa Waingereza, walikuwa East Bengal, na Mohun Bagan walifungwa 1–0.

Na hapa kuna jambo ambalo nadhani baba yako atalipenda. Bao la East Bengal siku hiyo lilifungwa na mtu aliyeitwa Pagsley, mzaliwa wa Burma mwenye damu ya Kizungu, aliyeikimbia nchi yake Wajapani walipoiteka mwaka 1942 na kufika India kama mkimbizi. Ikiwa babu alikuwepo uwanjani, basi alimwona mtu aliyeikimbia nchi ileile ambayo keya walikuwa wametoka kuipigania. Sisemi alikuwepo. Nasema hakuna kitu katika tarehe kinachozuia.

Ilivyotokea kuchanganyika ni rahisi kuelewa. Askari mgeni anakaa pembeni mwa uwanja, Mbengali aliye karibu naye anamsimulia 1911 kama kwamba ni jana, maana ndivyo inavyosimuliwa kule. Miaka thelathini baadaye, mbele ya wajukuu, “nilisikia” imekuwa “niliona”. Wazee wengi waliorudi kutoka vitani wana masimulizi ya namna hiyo, na mtafiti mzuri hayatupi. Swali zuri la kumuuliza baba ni hili: je, babu alitaja mvua? Alitaja rangi za jezi? Mohun Bagan ni kijani na maruni, East Bengal nyekundu na dhahabu. Rangi haziko kwenye hadithi ya 1911 inayosimuliwa mitaani, kwa hiyo mtu anayezikumbuka kuna uwezekano mkubwa alizitazama.

Upinzani huo wa East Bengal na Mohun Bagan ndio ulioitawala Ngao baada ya Waingereza kuondoka. Ni watani wa jadi kama Simba na Yanga, lakini kwao kuna jambo la nyongeza: East Bengal, iliyoanzishwa 1920, ni klabu ya watu wenye asili ya mashariki mwa Bengal, na nchi ilipogawanywa 1947 maelfu kwa maelfu walihamia Calcutta wakiwa hawana kitu, wakaikuta klabu. Hadi leo East Bengal wakishinda sokoni hununuliwa samaki aina ya hilsa, Mohun Bagan wakishinda ni kamba. Mwaka 1975 walikutana fainali ya Ngao, East Bengal wakashinda 5–0, na inasimuliwa kuwa baadhi ya wachezaji wa Mohun Bagan walilala kwenye mashua mtoni usiku huo kwa kuogopa mashabiki wao wenyewe. Miaka hiyo hiyo Ngao ilialika timu za nje: East Bengal waliwafunga PAS ya Tehran 1970, Mohun Bagan waligawana kombe na Ararat Yerevan 1978 baada ya sare ya 2–2, na Peñarol ya Uruguay wakalibeba 1985. Baadaye ligi za taifa zilikula kalenda, Ngao ikashushwa hadi kuwa ya vijana kwa miaka kadhaa, kisha 2020 ikarudi kwa wakubwa na Real Kashmir kutoka Srinagar wakaichukua. Bado inapumua. Heshima yake ya zamani sidhani itarudi.

La Kombe la Dunia mwambie mjomba aliache. India ilipata nafasi ya kwenda Brazil 1950 kwa sababu wapinzani wake wa kufuzu walijitoa, kisha yenyewe ikajitoa. Hakuna aliyeifukuza. Safari ilikuwa ndefu, viongozi walikuwa na wasiwasi wa gharama na muda wa maandalizi, na kwa fikra za wakati ule Olimpiki ilikuwa kubwa kuliko Kombe la Dunia. Sailen Manna, aliyekuwa nahodha, alikuja kueleza kwamba habari ya viatu ni ya kutungwa. Inaaminika kirahisi kwa sababu kweli kwenye Olimpiki ya London 1948 wengi wao walicheza peku dhidi ya Ufaransa, wakapoteza 2–1 baada ya kukosa penalti mbili. Kilichowavisha viatu ni kipigo cha 10–1 kutoka kwa Yugoslavia, Helsinki 1952. Baada ya hapo shirikisho lao lililazimisha daluga.

Imebaki medali, na hapa nakuomba uwe mtulivu. Herufi I.F.A. si za Calcutta peke yake. Chama cha mpira cha Ireland, chenye makao Belfast, kilianza 1880 na kinatumia herufi hizohizo. Babu aliishi miaka kadhaa kati ya maofisa na masajini Waingereza, baadhi yao watu wa Ireland. Medali ya duara yenye I.F.A. inaweza kuwa ya Ngao, ya ligi ya Calcutta ambayo pia iko chini ya IFA, au ya Ireland kabisa. Na hata ikiwa ya Calcutta, haimaanishi babu aliishinda. Askari walinunua vitu sokoni, walipewa zawadi, walishinda kwenye karata. Ninachoweza kusema bila kuiona ni kwamba si nishani ya vita. Nyota ya Burma ina ncha sita, na zile nishani za vita za duara zina kichwa cha Mfalme George wa Sita upande mmoja.

Ichukue uitazame ukingoni na mgongoni kwa kioo cha kukuzia. Alama ndogo ya simba anayetembea inaonyesha fedha iliyopimwa Uingereza. Nanga ni Birmingham, kichwa cha chui ni London, na herufi iliyo karibu nazo inataja mwaka wa kupimwa. Jina la mtu, klabu au mwaka likichongwa, nakili kama lilivyo, hata ukidhani limekosewa. Usiisugue kwa majivu wala kwa dawa ya meno, utafuta kilichobaki. Ipige picha pande zote mbili na ukingo, mchana, pembeni ya rula.

Zaidi ya hapo siwezi kukusaidia kwa barua. Sonara mwaminifu ataweza kuzisoma alama za fedha akiwa ameishika mkononi. Kama uko Dar es Salaam nenda Makumbusho ya Taifa, kama uko Nairobi nenda Nyaraka za Taifa, ukiwa na jina kamili la babu na namba yake ya jeshi; namba hiyo huwa kwenye kitabu chake cha mshahara au cheti cha kuachishwa jeshi, tafuta humo humo sandukuni. Picha za medali zitume pia kwa IFA wenyewe Kolkata (ndiyo Calcutta ya leo) na kwa chama cha Ireland Belfast, kila mmoja peke yake, uone nani ataitambua. Huyo mnunuzi mwambie asubiri mpaka majibu yarudi, na akikuharakisha, basi ujue bei aliyokutajia ni ndogo.